Tulivyopokelewa Pasua

Ninapoulizwa huduma yetu ya Moshi ilianzaje, huwa najibu kwamba ilianza kwa kutafuta nyumba. Anayeuliza hutarajia habari za mkutano wa injili, au za darasa la kwanza la walimu wa shule ya Jumapili. Hayo yalikuja, lakini yalikuja baadaye. Yaliyotangulia ni kodi, kitasa, mapazia, umeme wa LUKU unaolipiwa kabla ya kutumika, na majirani, na leo nataka kuyaandika kwa kirefu, kwa sababu makanisa yetu ya Afrika Mashariki yanatumana kuvuka mipaka na sehemu hii ya kazi hatuizungumzii. Mtu anafanyiwa ibada ya kutumwa, anawekewa mikono, anasindikizwa hadi stendi kwa nyimbo na machozi. Akishashuka kwenye basi upande wa pili, analala wapi? Nani anamwonyesha duka? Nani atajua kwamba mtoto wake ameshinda na homa?

Sisi tumetoka Mombasa. Mume wangu ni mwinjilisti, mimi nafundisha walimu wa watoto. Nimekulia Kisauni, si mbali na Kengeleni, pale ilipo kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Ukikulia pale unajua wamisionari walikuwa watu gani: walikuja kwa meli, na wengi walikufa mapema. Krapf, mmisionari Mjerumani wa CMS, alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshamzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Rebmann, mwenzake, alitoka Rabai kwa miguu mwaka 1848, akapitia Taita, na tarehe 11 Mei akauona Mlima Kilimanjaro na theluji yake. Njia ya upande huo leo ni lami. Unapita Voi, unapita Taveta, unagonga mhuri mpakani Holili, na jioni uko Moshi. Nilipopita njia hiyo nimempakata mwanangu anayenyonya, nilimwaza Rosine kuliko nilivyomwaza Krapf. Habari za wanaume wale zimeandikwa sana. Ya nani alimsaidia yule mama kuteka maji na kutandika kitanda mjini Mombasa, sijakutana nayo.

Wenyeji wetu wa Moshi walikuwa wametuandalia mahali. Ilikuwa nyumba nzuri huko Shanty Town, ndani ya uwanja wenye ukuta, geti, mlinzi wa mchana na wa usiku, miti mikubwa ya kivuli na tanki la maji la akiba. Bila kodi. Waliifagia, wakaweka maua mezani na mkate kabatini, na nawashukuru mpaka leo kwa sababu walitupa kilicho bora walichokuwa nacho. Tulikaa pale majuma ya mwanzo.

Jumapili moja mama mmoja tuliyekutana naye kanisani alitembea kutoka Njoro kuja kutusalimu, na kapu la ndizi kichwani. Mlinzi akamwuliza jina, akafungua daftari, akamwambia hakuna mgeni aliyeandikishwa siku hiyo. Yule mama akaacha ndizi getini akarudi kwake. Tulizikuta jioni. Mlinzi alikuwa amefanya kazi yake sawasawa na wala hakukuwa na wa kulaumiwa, lakini usiku ule mimi na mume wangu tulizungumza mpaka saa saba. Tulikuwa tumetumwa kwa watu ambao hawawezi kutufikia.

Najua hoja za upande wa pili, na ni hoja za kweli. Familia yenye watoto wadogo inahitaji maji ya uhakika na usingizi. Kanisa linalotuma lina wajibu wa kuwalinda watu wake, na wezi wapo. Daktari wa hospitali ya KCMC anayeitwa usiku wa manane ana sababu zote za kukaa karibu na hospitali. Sisemi kila mmisionari ahame uwanja wa misheni. Ninachosema ni kwamba swali la nyumba lisijibiwe kwa kuangalia urefu wa ukuta peke yake, maana watu wanatusoma kwa mahali tunapolala kabla hawajatusikia tukihubiri.

Historia ya huku inalionyesha hilo kwa namna inayouma. Oktoba 1896 wamisionari wawili vijana wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Meru, kule kwenye Mlima Meru upande wa Arusha, wakapiga hema Akeri. Kikosi cha Kijerumani cha Kapteni Johannes kilikuwa kimepiga kambi jirani. Wahubiri na askari walifika kwa wakati mmoja, wa rangi moja, wenye lugha moja. Usiku wapiganaji wa Meru na Arusha walishambulia, na vijana wale wawili wakauawa pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Kisasi cha Wajerumani kilikuwa cha kutisha, na misheni ya Meru ilikuja kuanza Nkoaranga mwaka 1902. Kila ninapoisoma habari hii nawaza juu ya mahema yale na mahali yaliposimamishwa. Watu wa Meru wangewajuaje wageni hawa ni akina nani, isipokuwa kwa kuangalia wamelala karibu na nani?

Basi tukaanza kutafuta nyumba. Huku Moshi nyumba unaitafuta kupitia dalali, na dalali anachukua chake, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja. Alituzungusha kwa bajaji Majengo, Kiborloni, Msaranga, akituonyesha nyumba nyingine nzuri na nyingine zenye unyevu ukutani hadi dirishani. Kitu kipya kwetu, watu tuliozoea kulipa mwezi kwa mwezi, ni kwamba huku mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, na wengine mwaka mzima. Bajeti ya kututuma ilikuwa imepangwa Mombasa kwa desturi za Mombasa. Akina mama wa kanisa letu waliposikia walichangishana, wakatuma kwa simu, na hawakungoja kikao. Naandika haya ili kanisa jingine linalojiandaa kutuma familia Tanzania lijue: kodi ya miezi sita, ya dalali, na fedha ya kununulia vitu vya mwanzo, viwe mkononi siku ya kufika.

Nyumba tuliyoipata iko Pasua, upande wa chini wa mji, kule ambako ukishavuka unaelekea mashamba ya mpunga ya Mabogini. Ni nyumba nne ndani ya uzio mmoja. Yetu ina vyumba viwili, sebule, jiko dogo, choo ndani, na kibaraza kinachotazama mlima. Mwenye nyumba ni bibi mjane wa Kichaga, anakaa nyumba ya mbele. Dalali alipokuwa anamweleza kwamba sisi ni wageni kutoka Kenya na tuna barua ya kanisa, alinitazama mimi na mtoto mgongoni.

"Bado ananyonya?"

"Ananyonya, bibi."

"Basi mchukue chumba cha upande huu. Kule upepo unaingia usiku."

Hayo ndiyo mahojiano tuliyofanyiwa. Mkataba tuliandikishana baadaye, kwa utaratibu, na mashahidi. Kisha tukaenda ofisi ya serikali ya mtaa na pasipoti zetu zenye hati ya ukaazi daraja C, ile wanayopewa watumishi wa dini. Tulikaa kwenye benchi nje pamoja na watu waliokuja kwa ajili ya barua za utambulisho, ugomvi wa mipaka na mchango wa taka, na kufikia zamu yetu nusu ya benchi ilikuwa imeshajua tumetoka wapi, tunakaa kwa nani, na mtoto ana miezi mingapi. Shanty Town mambo hayo yalishughulikiwa na ofisi kwa niaba yetu, hatukuonana na mtu. Nimeshuhudia wamisionari wakiishi mahali miaka bila kumjua mwenyekiti wao wa mtaa, na naona ni hasara kubwa, maana benchi lile ni mahali ambapo mtaa unakujua nawe unaujua.

Tulihama kwa kirikuu. Mizigo ilikuwa mabegi, godoro la inchi sita, meza, jiko la gesi na mtungi wake, ndoo, na sanduku la vitabu vya mume wangu ambalo lilikuwa zito kuliko vyote. Gari halijasimama sawasawa, watoto wa ule uzio walishabeba sufuria na mito wakaingia navyo ndani. Mpangaji wa nyumba ya pili, kijana fundi gereji, alitoka na overoli yake yenye grisi akashika upande mmoja wa meza bila kuambiwa. Jirani wa mlango wa tatu, mama wa Kisambaa anayeuza vitumbua asubuhi pale kwenye njia, alimchukua mtoto mikononi mwangu akaenda naye kibarazani kwake. Bibi mwenye nyumba alisimama mlangoni akitoa amri.

"Mwanangu, usifungue mabegi yote leo. Tandika godoro, mtoto alale. Mengine yatakuwepo kesho."

Kesho yake nilifungua bomba la jikoni na maji yakatoka, baridi, tena kwa nguvu. Mtu wa Mombasa ataelewa kwa nini nilisimama nikayatazama. Kisauni nimekua nikinunua maji ya mkokoteni, madumu yakipangwa nyuma ya mlango, na bomba likikoroma hewa juma zima. Moshi wanakunywa maji ya chemchemi za mlimani. Nilioga maji yale asubuhi ya Juni, na niseme wazi kwamba Juni na Julai za huku zilinitesa. Nilivaa soksi ndani ya nyumba. Mtoto alipata mafua, na mkubwa wetu, aliyekuwa anaanza shule, alilia akimtaka bibi yake wa Mombasa na bahari. Hilo la bahari sikuwa na la kumjibu. Lakini kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa namwita ndani giza likiingia na haji, yuko nje anacheza kombolela na watoto wa fundi.

Umeme ulitufundisha mengine. Nyumba yetu na ya fundi zinatumia LUKU moja. Kila anayenunua umeme anapata tarakimu ishirini kwenye simu, anakwenda kuziingiza kwenye mita iliyo ukutani kwa jirani, na tangu Agosti 2021 ndani ya malipo hayo hukatwa pia kodi ya jengo. Wapangaji wengi hawalipendi hilo la kodi ya jengo, kwa sababu jengo si lao, na mimi naona wana haki ya kulizungumza na mwenye nyumba kabla ya kusaini. Sisi tulilizungumza na bibi akakubali kulipunguza kwenye kodi. Ila kuchangia mita kunataka mkae chini mhesabu. Nani ana friji? Nani anapiga pasi kila asubuhi? Fundi hana friji lakini mkewe anapenda redio toka alfajiri. Tulikaa kibarazani kwao, tukaandika kwenye karatasi, tukakubaliana mafungu, na karatasi hiyo ikabandikwa ndani ya mlango wa mita. Kabla ya siku ile tulikuwa tunasalimiana tu. Baada ya pale mke wa fundi akaanza kuniita wifi, na watoto wake wakawa wanaingia kwangu kuomba maji bila kubisha hodi.

Sasa niseme la mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama wa Kichaga, kwa sababu ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Bibi aliingia jikoni kwangu asubuhi moja akanikuta na kikombe cha chai ya rangi na kipande cha mkate. Akauliza nimekula nini jana. Nikamwambia. Hakusema neno, akatoka. Mchana akamtuma mtoto kwangu: njoo. Jikoni kwake, lile la nje la kuni, alikuwa ameweka mkungu wa mshare, ndizi za kupika, na mifupa ya ng'ombe yenye uboho. Akanipaka mafuta viganjani kwanza, maana utomvu wa ndizi mbichi ukishakauka mikononi unashika weusi hautoki. Tukamenya, tukatumbukiza ndizi kwenye maji zisiwe nyeusi. Nyama ilikuwa imeshachemka tangu asubuhi. Ndizi zilipoiva akatoa mifupa, akashika mwiko, akaanza kuponda palepale sufuriani, akiongeza supu kidogo kidogo, akiponda tena, mpaka pakawa hapana hata bonge moja. Hakuniruhusu kushika mwiko. Akamimina kwenye bakuli kubwa.

"Kunywa ungali moto. Wewe ni mzazi. Huwezi kunyonyesha kwa chai ya rangi."

Nikanywa. Nililia pia, na yeye aliniacha nilie, akaendelea kuosha sufuria. Mama yangu yuko Kisauni, hakuweza kuja. Kuanzia siku hiyo bakuli lilikuja mlangoni kwangu mara kwa mara, mpaka mtoto alipoanza kula mwenyewe.

Nimewahi kusikia wahubiri wakisema mmisionari ni mtu wa kutoa. Tunaletwa tukiwa na orodha ya mambo tutakayowapa watu: mafundisho, nguo, dawa, ushauri. Lakini juma la kwanza katika nyumba mpya huna hata kiberiti. Unaomba kiberiti. Unaomba nyundo ya kupigilia misumari ya pazia. Unauliza gari la taka linapita siku gani na soko la Mbuyuni wanapima mchele kwa kilo au kwa debe. Ukiruka hatua hiyo, kwa sababu shirika limekuwekea kila kitu kabatini, umeruka mlango ambao watu wangeupitia kuingia maishani mwako. Naamini hivyo kwa moyo wote. Bwana wetu mwenyewe alipowatuma wale sabini, aliwaambia wasichukue mfuko wala mkoba wala viatu, na nyumba watakayoingia wakae humo humo, wakila na kunywa vya kwao. Aliwatuma wakiwa wahitaji. Mstari ule nimeusoma tangu utotoni, na nimeuelewa Pasua.

Mtaa wetu una msikiti karibu, na adhana ya alfajiri inasikika vizuri kuliko saa ya simu. Mwenzetu mmoja aliyetutembelea kutoka Nairobi alituuliza kama haitusumbui. Mimi nimezaliwa Mombasa. Mahali pasipo na adhana ndipo ninapopata taabu ya kulala. Mama wa Kisambaa ni Mwislamu, na Ramadhani ya kwanza tukiwa hapo alituletea futari, mihogo ya nazi na tambi, kwenye sahani iliyofunikwa kawa. Sahani hairudi tupu, hilo sote tumelelewa nalo. Nilikwenda Mbuyuni nikatafuta nazi, nikapika mahamri na mbaazi kama anavyopika mama yangu, nikairudisha sahani ikiwa imejaa. Baada ya hapo safari za sahani zile hatukuzihesabu. Hajabadili dini yake, nami sijampeleka kanisani, na watu wanaopenda ripoti hawana pa kuliandika hilo. Lakini mtoto wangu alipopandwa na homa kali usiku, mume wangu yuko safarini Same, niligonga mlango wake. Tulikwenda hospitali pamoja kwa bajaji ya mpwa wake, akiwa amemfunga mtoto kifuani na mtandio wake mwenyewe.

Kuna mmisionari mmoja wa zamani ambaye nimemsoma sana tangu tuhamie huku, Bruno Gutmann. Alifika Kilimanjaro mwaka 1902, na sehemu kubwa ya huduma yake aliifanya Old Moshi, pale Kidia, hadi aliporudi Ujerumani mwaka 1938. Wamisionari wengi wa wakati wake waliona desturi za Kichaga ni vitu vya kuondolewa. Yeye alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyoviweka Mungu mwenyewe, na kwamba kanisa lijengwe juu yake. Kwa nilivyomwelewa, usharika usiomfanya mtu kuwa jirani mwema una kasoro. Wapo wasomi wanaosema aliwapamba Wachaga wa kale kuliko walivyokuwa, tena hakupenda elimu ya kisasa wala mambo ya mjini, na hapo siko naye. Wazee wa huku waliitaka shule na walikuwa na haki kuitaka. Ila kwenye ujirani naona aliliona jambo.

Tulipanda kwenda Kidia siku moja ya kiangazi, barabara ikipita kati ya migomba na kahawa. Mzee wa usharika aliyetupokea alituonyesha mpaka wa kihamba chao, yaani shamba la ukoo. Hakuna ukuta wala waya. Ni mstari wa masale, majani yake marefu ya kijani, na ndiyo yaleyale ambayo Mchaga hushika mkononi anapokwenda kuomba radhi kwa aliyemkosea. Nilikaa nikayatazama muda mrefu. Mpaka wa shamba na ombi la kusamehewa vimewekwa kwenye mmea mmoja.

Mzee yule alitukumbusha jambo jingine ambalo watu wa makanisa yanayotuma wanapaswa kulijua. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliwafukuza wamisionari wa Kijerumani, na mwaka 1920 wakaondoka Kilimanjaro. Nyumba za misheni zikabaki bila wenyewe. Sharika hazikufa. Waalimu na wainjilisti wa Kichaga walizishika, wakafundisha, wakazika wafu, wakasalisha nyumbani kwa watu, mpaka wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani walipokuja kusaidia mwaka 1922 na Wajerumani wakarudi baadaye. Kanisa lilikuwa limeshahamia kwenye nyumba za wenyeji, na huko hakuna aliyeweza kulifukuza.

Leo ibada hizo za nyumbani tunaziita jumuiya. Walutheri wanazo, Wakatoliki wanazo, na sisi tunasali na wenzetu wa mtaani kwa zamu. Zamu ya kwanza ya kwetu ilipofika nilihesabu viti nikaona havitoshi hata robo. Bibi akasema hilo lisinisumbue. Alfajiri ya siku ile viti vilikuja vyenyewe, vya plastiki, vya mbao, benchi la fundi, mikeka ya mama wa Kisambaa, kila mtu ameleta chake na jina limeandikwa chini kwa rangi ya kucha. Tuliimba saa kumi na mbili kasoro, madirisha wazi, na mlima ulikuwa umefunguka wote kabla mawingu hayajaufunika. Mume wangu alisoma neno kwa ufupi. Walipoondoka na viti vyao nilifagia sebule, na kwa mara ya kwanza nikaona hapa ni nyumbani.

Kwa hiyo nikiulizwa ushauri na kanisa linalotuma, nasema hivi. Msiwapangie kazi yoyote miezi ya kwanza. Ratiba yetu ilikuwa na semina katika juma la pili, na namshukuru mume wangu kwa kuandika barua ya heshima kuomba isogezwe. Mke aione nyumba kabla kodi haijalipwa, maana yeye ndiye atakayeshinda humo. Msiwatumie makochi na makabati kwa lori kuvuka mpaka, waache wanunue meza kwa seremala wa mtaani na wajuane naye. Ulizeni kuhusu majirani kwa uzito uleule mnaouliza kuhusu mlinzi. Na msihesabu miezi hiyo kuwa ya likizo. Nimefanya kazi nyingi kanisani maishani, na sijawahi kufanya iliyonichosha na kunijenga kama kuhamia nyumba ile.

Sasa hivi tuna kazi mpya mkononi. Familia nyingine kutoka kanisa letu inakuja, safari hii Arusha, na tumepewa jukumu la kuwatafutia nyumba. Arusha ina jambo lake ambalo Moshi hatukulazimika kulifikiria sana, nalo ni maji. Upande wa Mlima Meru visima na mito mingi ina floraidi kupita kiasi, na kule Maji ya Chai na maeneo ya Usa River utawaona watu waliokulia kwenye maji hayo kwa meno yao ya kahawia. Ikizidi sana huharibu hata mifupa ya watoto. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa, na chujio za namna hiyo zipo. Familia inayokuja ina watoto wawili ambao meno yao ya ukubwani bado hayajatoka. Kwa hiyo kila nyumba tunayoonyeshwa, swali la kwanza ni maji ya kunywa yanatoka wapi, na la pili ni nani anakaa mlango wa jirani.

Mpaka sasa iliyo mbele ya nyingine ni moja iliyoko Sakina, ndani ya uzio wa nyumba tatu. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka na sisi tunamwomba akubali miezi sita. Dalali anasema atalegeza. Jiko linahitaji kitasa kipya na choo kinahitaji fundi bomba. Wakati tunapima madirisha kwa ajili ya mapazia, mama wa mlango wa pili alitoka akiwa na mwiko mkononi, akatusalimu, akauliza hao wageni wanafika lini na watoto wao wana umri gani, kwa sababu wake wanaingia darasa la pili Januari na shule haiko mbali, wangeweza kuongozana.